Sauti Iliyonunuliwa kwa Macho

Kila bidhaa ina kiungo cha mwili kinachoihukumu. Kitambaa huhukumiwa kwa vidole, samaki kwa pua, embe kwa ulimi, na ng'ombe kwa jicho la mchungaji. Chombo cha muziki huhukumiwa kwa sikio, na sikio halina naibu. Lakini zama hizi zimeleta soko ambamo sikio limefungiwa nje ya mlango. Mtu huketi Tanga, akafungua simu yake, akatazama picha kumi za mashine ya santuri iliyoko Ulaya au Marekani, akasoma maneno machache yaliyoandikwa chini ya picha hizo, kisha akalipa. Amenunua sauti na hajaisikia. Amekinunua kwa macho kitu ambacho macho hayakijui.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Tanga aliingia katika soko hilo mwaka 2021 bila ya kupenda. Hakuwa mtu wa vyombo; redio moja ilimtosha kwa habari na kwa mawaidha ya Ramadhani. Kilichomwingiza sokoni ni kasha la mvule lililokuwa chini ya kitanda cha mama yake. Ndani ya kasha hilo mlikuwa na sahani kumi na nne za santuri, zimefungwa katika khanga mbili kuukuu, na tatu kati ya hizo zilikuwa za Siti binti Saad.

Watu wa pwani hawana haja ya kuelezwa Siti alikuwa nani. Yatosha kukumbusha kwamba mwaka 1928 mwanamke huyo, aliyezaliwa Fumba katika kisiwa cha Unguja, alivuka bahari pamoja na wenzake mpaka Bombay, akaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice. Sahani zilizotoka huko zilisambaa katika miji yote ya mwambao. Upande mmoja wa sahani ya sentimeta 25 ulichukua muda wa dakika 3 hivi, na sahani yenyewe ilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa India uliochanganywa na vumbi la mawe. Ni ngumu kama kigae, na huvunjika kama kigae. Siti alifariki mwaka 1950. Mama wa mwalimu alizaliwa mwaka 1937, na alizisikia sahani hizo barazani kwa baba yake akiwa binti mdogo. Baadaye kinanda cha kuzungusha kwa mkono kiliuzwa siku ya dhiki, sahani zikabaki, kwa kuwa hakuna aliyezitaka.

Sasa mama huyo sikio lake la kushoto lilikuwa limekwisha kufa, na la kulia lilikuwa likifuata. Jioni moja baada ya sala ya magharibi alisema, "Mwanangu, nataka kumsikia Siti kabla masikio hayajanitangulia." Mwalimu alimtafutia nyimbo za Siti katika intaneti, akazipata baadhi, akazipiga kwa simu. Mama alisikiliza kwa adabu, akashukuru, akasema kuwa ni nzuri, lakini si zile. Zile zilikuwa chini ya kitanda.

Mtu wa haraka angetafuta kinanda cha kale cha kuzungusha kwa mkono. Mwalimu aliuliza, akaambiwa jambo lililomtisha: kichwa cha kinanda kile, pamoja na sindano yake ya chuma, huilemea sahani kwa uzito wa zaidi ya gramu 100, na kila upigwapo upande mmoja chuma hula kidogo katika kile kinachoimba. Mashine za umeme za baadaye huilemea sahani kwa gramu chache tu. Basi alihitaji mashine ya kadiri ya umri wa kati: isiwe ya kale hata iharibu, wala isiwe mpya mno, kwa kuwa mashine nyingi za sasa, hata zile zenye sifa kubwa, hazina mwendo wa mizunguko 78 kwa dakika, zina 33 na 45 tu. Mashine ya namna hiyo haikupatikana dukani Tanga wala Dar es Salaam. Ilipatikana katika intaneti, mkononi mwa wauzaji wa vitu vilivyotumika.

Mtumba si jambo geni kwetu. Lakini mnunuzi wa shati la mtumba huligeuza, hulinyoosha mbele ya jua, huchungulia kwapa, hunusa, hutikisa kichwa, huondoka, huitwa arudi. Sanaa yote hiyo ilimwacha mkono mwalimu huyu. Badala yake alipewa maneno, na maneno ya soko hili yana kamusi yake. "Kama mpya" maana yake ni kwamba imepanguswa vumbi. "Nzuri kwa umri wake" ni sifa ambayo hata bibi kizee angeikataa. "Haikujaribiwa" aghalabu ni kwamba ilijaribiwa ikakataa. Wako wanaotaja kuwa chombo kimetoka katika nyumba isiyovutwa sigara, kana kwamba mnunuzi anataka kuoa katika nyumba hiyo. Wengi hata hawasemi uongo: ni warithi, wamekuta mashine darini kwa marehemu, hawajui wanachouza, na picha zao ni nzuri kwa sababu kitu chenyewe ni kizuri kukitazama.

Mashine ya kwanza aliinunua kwa mtu binafsi wa Marekani, kwa akiba ya miezi mitano. Ilikuwa ya Kijerumani, ya miaka ya 1960, iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, na ilikuwa na mwendo wa 78. Muuzaji aliandika kuwa inafanya kazi kikamilifu. Mwalimu hakuwa mjinga; alijua kuwa umeme wa Marekani ni volti 120 na wa Tanzania ni 230, akanunua transfoma ya kupunguza nguvu kabla mashine haijafika. Ilipofika ilikuwa nzima. Taa iliwaka, sahani ikazunguka, mkono ukashuka. Mama aliletewa kiti, akainamisha sikio lake la kulia, akasikiliza beti moja hadi mwisho wake.

"Huyu si Siti," alisema. "Huyu ni mwanamume aliyetoka usingizini."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alidhani sahani zimeharibika, na usiku ule hakulala vema. Sababu aliifahamu baada ya siku kadhaa. Umeme haupimwi kwa volti peke yake. Mkondo wa nyumbani huenda na kurudi, mara 50 kwa sekunde katika Tanzania, Kenya na Uingereza, na mara 60 katika Marekani. Japani imegawanyika yenyewe, Tokyo ikiwa na 50 na Osaka 60. Mota za mashine nyingi za zamani hufuata mwendo huo wa mkondo kama askari afuatavyo ngoma. Transfoma hupunguza nguvu, lakini haigusi hesabu ya kwenda na kurudi. Kwa hiyo mota iliyozaliwa kwa 60 ikilishwa 50 hupoteza sehemu moja ya sita ya mwendo wake: mizunguko 78 ikawa 65, sauti ya mwanamke ikashuka kifuani, na wimbo ukajikokota.

Yule muuzaji hakusema uongo. Kila neno lake lilikuwa kweli mahali alipoliandikia. Mashine ilifanya kazi kikamilifu kwao, na kwao ndiko alikokuwako. Hapa ndipo palipo na ugumu wa biashara hii, na ni ugumu usiotibiwa kwa kulaani wadanganyifu. Mdanganyifu hukamatika, lakini mtu mkweli asiyejua aulizwe nini na asiyeulizwa, huyo hukutia hasara kwa moyo safi. Fundi mmoja mjini alijitolea kuchonga upya kile kipande kidogo cha shaba kilicho juu ya mota, akikiongeza unene ili kufidia mwendo. Alifanya kazi siku mbili katika mashine yake ya kukerezea, na hakutaka malipo. Mwendo ulipatikana, lakini sauti ilikuwa ikiyumba, kwa kuwa kipande kile hakivumilii kosa hata la upana wa unywele. Mashine ilifunikwa kitambaa, ikawekwa pembeni, na mama hakuulizia tena. Kutouliza kwake kulimchoma mwalimu kuliko lawama.

Wakati huo alikumbuka alichosomeshwa chuoni utotoni. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, kauli iliyotiliwa nguvu haikubali uuzaji wa kitu mahususi ambacho mnunuzi hajakiona. Na muuzaji anayeijua aibu ya kitu chake ni wajibu aitaje, asiiache igunduliwe. Kijana wa leo atasema kuwa fikihi hiyo iliandikwa kabla ya picha na kabla ya simu. Ni kweli. Lakini waandishi wake walikwisha kuyajua mambo mawili ambayo simu haikuyabadili: kwamba sifa si kitu chenyewe, na kwamba aibu inayotajwa na mwenye mali ni amana kwa mnunuzi. Mwalimu hakuacha kununua kwa mbali, maana hakuwa na njia nyingine. Aliacha kutafuta mashine iliyosifiwa, akaanza kutafuta iliyotajwa aibu.

Ilimchukua karibu mwaka mzima. Mwishowe alimpata muuzaji wa Uingereza ambaye kazi yake ilikuwa kununua vyombo vya zamani vya sauti, kuvifungua, kuvitengeneza na kuviuza tena kwa intaneti. Mtu huyo alikuwa na mashine ya Goldring-Lenco GL75, ya asili ya Uswisi, na maelezo yake yalikuwa marefu na hayakupendeza. Kifuniko kina mikwaruzo. Ubao wa kando umechubuka kona moja. Vile vipande viwili vidogo vya mpira vinavyoshika egemeo la mkono wa sindano vilikuwa vimevunjika chembechembe kama mkate mkavu, kama vivunjikavyo katika karibu kila mashine ya namna hii, naye ameweka vingine. Mafuta ya mhimili yamebadilishwa. Kuna mngurumo mdogo unaosikika mtu akiweka sikio karibu na spika mahali ambapo hapana muziki.

Mwalimu alimwandikia maswali tisa. Nane yalijibiwa. La tisa, lililohusu mwendo wa 78, lilijibiwa hivi: mashine huzunguka kwa mwendo huo, lakini yeye hakuijaribu kwa sahani, kwa sababu hana sindano ya kufaa wala sahani ya zama hizo. Jibu hilo ndilo lililouza mashine. Mtu anayejua mpaka wa ujuzi wake, akausema mbele ya fedha, huyo maneno yake mengine yanaweza kuegemewa.

Kulikuwa na sababu nyingine, ya ufundi. Mashine nyingi za mizunguko minne hubadili mwendo kwa ngazi, kama mtu apandavyo darini. Lenco ina mhimili wa mota uliochongoka kama pia, na kigurudumu chembamba chenye ukingo wa mpira huuegemea mhimili huo na kuizungusha sahani nzito ya chuma kwa chini. Kigurudumu kikisukumwa kuelekea penye unene, mwendo huongezeka. Kikirudishwa penye wembamba, hupungua. Na kinaweza kutua popote kati ya hapo. Mashine iliyojengwa hivyo haidai mkondo wa umeme uwe sahihi kupita kiasi, kwa kuwa mwenye nyumba anaweza kuusahihisha mwendo kwa mkono wake. Tena hii ilitoka Uingereza, kwenye umeme ulio sawa na wa Tanga. Safari hii mwalimu aliuliza jambo hilo kabla ya yote.

Aliagiza ipelekwe London kwa mpwa wake. Huu haukuwa uvivu wa kukwepa nauli. Kanuni za Uingereza za mwaka 2013 humpa mtumiaji aliyenunua kwa mfanyabiashara aliye mbali siku 14 za kubadili nia tangu akipokee kitu, hata bila ya kutoa sababu. Lakini aliyenunua kwa mtu binafsi hana haki hiyo. Basi kulikuwa na siku 14 za kuazima sikio la kijana. Sanduku lilipofunguliwa, mpwa alieleza kwa simu kile alichokiona, na mwalimu akajua kabla ya kusikia chochote kuwa amenunua vizuri: sahani ya chuma, yenye uzito wa karibu kilo 4, ilikuwa imevuliwa na kufungwa katika sanduku lake peke yake, uzito wa nyuma wa mkono umetolewa, na mkono wenyewe umefungwa kwa uzi. Mashine inayosafirishwa na sahani yake ikiwa mahali pake hufika imejipigapiga kwa ndani kama mtu aliyefungiwa kwenye pipa. Anayefungasha hivyo hakujali, na ambaye hakujali katika kufungasha haelekei kuwa alijali katika kutengeneza.

"Mjomba, inaimba," kijana alisema, akaisogeza simu karibu na spika. Mwalimu akakaa Tanga akisikiliza kwa kitundu cha simu ubora wa chombo kilichosifiwa kwa uaminifu wa sauti, jambo ambalo ni sawa na kuonja pilau kwa picha. Lakini alisikia kuwa sauti haiyumbi, na hilo simu iliweza kulifikisha.

Kwa muuzaji huyohuyo alichukua na kikuza sauti, NAD 3020, chombo kidogo cheusi kilichoanza kuuzwa mwaka 1978, chenye wati 20 tu kwa kila upande, kisichokuwa na pambo lolote la kumvutia mpita njia. Muuzaji alitaja kuwa amebadilisha kapasita zilizokauka. Hizo hukauka kwa umri hata chombo kisipotumiwa, na ndiyo maana "hakijatumiwa miaka thelathini" si sifa bali ni onyo. Spika zilipatikana Dar es Salaam, kwa mkono na kwa sikio, kwa njia ya kale. Sindano ya sahani za zamani ilinunuliwa mpya: ncha yake ni sehemu 3 za elfu za inchi, ilhali ya sahani za baadaye haifikii hata sehemu 1, nayo ikiwekwa katika mifuo mipana ya sahani ya Siti huburura chini kabisa, penye uchafu. Mpwa alivileta vyote katika mizigo yake mwezi Julai mwaka 2023, na ile sahani ya kilo 4 ilimsimamisha uwanja wa ndege kwa nusu saa, akieleza mara tatu kuwa ni ya kuzungusha muziki. Ushuru ulilipwa.

Mwalimu alikata karatasi ya duara yenye mistari 77 iliyopangwa sawasawa ukingoni, akaiweka juu ya sahani ya chuma, akawasha taa ndogo ya mezani ya namna ya zamani. Chini ya taa inayomeremeta kwa mkondo wa mara 50, mistari 77 huonekana imesimama tuli pale ambapo mwendo umefika 78. Alisukuma kile kigurudumu kidogo kidogo. Mistari ilikimbia mbele, ikapunguza, ikarudi nyuma, ikasimama. Alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na miwili, na hakupata kuona hesabu ikitii namna hiyo. Akaunganisha mkondo wa kushoto na wa kulia kuwa mmoja, kwa kuwa sahani za zama zile ziliandikwa kwa mtikiso wa ubavuni peke yake, na kwa kufanya hivyo kelele nyingi za juu na chini hujifuta zenyewe.

Mama alikuwa amepungua. Alishikwa mkono mpaka kwenye kiti, spika ikavutwa hadi karibu na sikio lake la kulia. Alikuwa na umri wa miaka 86 na hakuonyesha kuwa anatarajia jambo. Sindano ilishuka. Kwanza kulikuwa na mvumo kama wa mvua juu ya makuti, kisha udi, kisha fidla, kisha mwanamke.

Mama hakusema kitu. Vidole vyake vilikuwa juu ya goti, navyo vilikuwa vikihesabu. Upande ule ulikuwa na ufa mwembamba usioonekana mpaka sahani iinamishwe kwenye mwanga, na ilipofika kadiri ya katikati ya wimbo ufa ulianza kugonga: tik, tik, tik, mara moja kwa kila mzunguko. Mwalimu aliinuka kwa haya ili aondoe mkono wa sindano. Alikuwa ametaja aibu za mashine zote mbili kwa watu wote nyumbani, na hii ya sahani hakuijua.

Mama alimzuia kwa kiganja.

"Iache," alisema. "Hapo ndipo alipoiangusha kaka yangu. Alipigwa siku ile."

Ufa ukaendelea kugonga, na mama akaendelea kuhesabu, mpaka sindano ilipofika mwisho na kubaki ikizunguka katika mfuo mtupu. Kisha akauliza kama upande wa pili nao upo.